Ng'ombe ya Dada Haiuzwi

Kaka Bahati,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa mama, moshi unaniingia mu macho, basi usifikiri ni machozi. Ku kilio yako, siku tulikuzika, sikulia. Majirani walisema dada yake iko na roho ya jiwe. Wacha waseme. Mimi na wewe tunajua sababu, na mama anajua. Kamba ya ng'ombe yetu Maua ingali inaning'inia nyuma ya mulango.

Unakumbuka siku Maua aliingia hapa? Watu wa mume wangu walimuleta toka ng'ambo ya bonde, ng'ombe ya mahari yangu, mweupe tumboni. Papa wetu, angali muzima, akakupa kamba mukononi: "Ng'ombe ya dada haiuzwi. Inaoa tu." Ilikuwa ikuolee Furaha, muchumba wako. Na kama ndoa yangu ingeharibika, ile ng'ombe ao mutoto wake njo ingerudi kule kunitoa. Ilikuwa mulango yangu ya kutokea, kaka, na ulijua.

Mwanzo poka ya kareti ilikuwa muchezo kweli. Siku ya Mungu, kiisha misa, ulikuwa unapanda na vijana wenzako kule kilimani reso ya telefone inashika, unacheza mu telefone na jetoni za bure, zisizo feza ya kweli. Ulinifundisha: kareti mbili za kwako, tano za wote, na mwenye akili anatupa mbaya, anangojea nzuri. "Dada, ni kama kuchambua maharagwe," ulisema. Ulitupa, ukatupa, ukacheka. Nilipenda kukuona vile.

Kisha jetoni za bure zikakosa chumvi. Ukaweka makuta kidogo, bei ya maziwa tuliyokuwa tunauzia watu wa fromage, wale wanatengeneza jibini. Ukashinda mara moja, ukamununulia mama kitenge, mama akakuombea baraka. Ile kitenge, kaka! Kama ungepoteza siku ile, leo ungekuwa na muke.

Toka pale uliacha kungojea. Kareti mbaya, unacheza. Kareti nzuri, unacheza. Meza tatu pamoja mu telefone moja, macho mekundu, muntu akikusemesha unajibu "Mmh." Vijana ukawaacha, ukapanda kilimani peke yako. Haukucheza tena ili ushinde, ulicheza ili urudishe. Ndama wa Maua akauzwa. Ulituambia amekufa na ugonjwa, na mimi mujinga nikakufariji.

Kisha Maua mwenyewe. Ulimupeleka kwa muchinjaji mama akiwa shambani, ukarudi na kamba. Mama akauliza: "Bahati, ng'ombe iko wapi?" Ukajibu: "Ngojea kidogo, mama, itarudi na wenzake." Itarudi! Nyama yake ilikuwa tayari mu masufuria ya watu.

Furaha hakungojea. Aliolewa na mwengine kule Kibua, wala simulaumu. Wewe ukaenda kuchimba zahabu kule pori ya Walikale, ukaapa utarudi na ng'ombe. Ulirudi na kikohozi.

Na mimi? Mume wangu aliponivunja mukono nilikimbilia hapa na mutoto mugongoni. Wazee wa kwao wakatufuata, wakakaa, wakakunywa kasiksi ya mama, ile pombe ya ndizi, wakasema kwa upole kabisa: "Hatukatai abaki. Murudishe tu ng'ombe." Wewe ulikuwa umekaa pembeni, unaangalia vidole vya miguu yako. Nilirudi nao jioni ile ile, mukono umefungwa na kitambaa.

Nilifikiri hiyo njo ilikuwa uchungu ya mwisho. Kumbe bado. Nilikuletea uji kule hospitali ya Kirotshe, nikakukuta na telefone. "Usiogope, dada," ukasema, "ni jetoni za bure." Na ulikuwa unatupa mbaya, unangojea nzuri, unacheka sawa na zamani. Sawasawa, kaka! Utamu ni ule ule. Nikasimama na uji wangu, nikaona kama feza ya Maua haikukuongezea hata utamu kidogo. Aliuzwa bure, mimi nikauzwa naye, na ungeweza kucheka vile bila kutuuza. Sikukutukana juu ulikuwa mugonjwa. Nilikulisha uji mpaka ukaisha, kijiko kwa kijiko, na sijui hata nilikuwa nakupenda ao nakuchukia.

Tangu uende, mama angali anakuwekea sombe, majani ya muhogo, mu sahani yako, kisha anampa mutoto wangu. Mume wangu alikuja ku kilio, akakula vizuri, akasema ulikuwa muntu ya furaha. Asubuhi navuka bonde nakuja hapa kukata majani. Nachunga ng'ombe ya Mama Zawadi, yule mujane jirani yetu. Tumepatana: ikizaa mara ya pili, ndama ni yangu. Imezaa mara moja. Nangojea. Ulinifundisha wewe, basi angalia vile inafanywa.

Lala sasa, kaka. Siku ndama wangu atakomaa, nitaondoa kamba yako nyuma ya mulango, nitamufunga, nitamupeleka mwenyewe ng'ambo ya bonde. Nitawakabizi mbele ya wazee wao wote, kisha nitamushika mutoto wangu mukono turudi kwa mama. Kaburi yako iko ku njia. Nitasimama pale na ile kamba bila ng'ombe, njo nitakulilia, nitakulilia mpaka majirani watoke manyumbani.

Leo hapana.

Dada yako,
Riziki