Lengalenga inaota ndani ya nyumba, mama mukwe anaogopa kuingia

Mama Sidonie, wewe unayejibu wasomaji wa gazeti ya parokia, nakuomba unisaidie, maana kichwa yangu imechoka, na hapa upande wa Lushebere siwezi kuuliza muntu bila maneno kufika kwa bwana yangu mbele yangu.

Mimi ni bibi ya Straton, tuko watu wa ng'ombe, tunakaa juu ya mulima kwenye baridi, na tuko na mutoto mumoja, Emérita, ambaye mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba na nywele zikakuwa nyekundu na akaacha kucheza, anakaa tu kwa mulango kama muntu muzee, basi nikamubeba mpaka dispanseri na masera, mutawa wa pale, akasema iko bwaki, ile ugonjwa ya kukosa chakula kizuri, nimupe maharagi na mboga ya lengalenga kila siku, nikarudi na moyo mwepesi kwa sababu nilikuwa na bustani nzuri, lakini mvua ya mawe ikaipiga yote, na ile iliyojaribu kuota tena ikaungua na baridi, na sokoni wakati huu hakuna majani. Nikafikiri, ndani ya nyumba kuko moto, kwa nini lengalenga isiote ndani? Nikatia udongo na mavi ya ndama katika vikapo na vyungu vilivyopasuka, nikatoboa dirisha kidogo upande wa jua, nikapanda, mvua ikinyesha ninaweka karibu na mafiga, jua ikitoka ninasogeza kwa dirisha, na kweli ikaota, Mama, na mutoto akaanza kula.

Halafu mama mukwe, Nyiramahoro, akaja kutuamkia. Alifika kwa mulango akasimama.

"Nani alikufa humu?" akauliza.

"Hakuna, mama. Ni mboga ya mutoto."

"Nyumba inaota majani ndani wakati wenyewe wamekwisha. Unatuitia kifo."

Straton alikuwa anasikia. Hakunipiga wala hakunitukana, yeye ni muntu mupole, alisema tu, "Verdiane, toa hii vitu," nikasema sitatoa, na tangu siku ile anakula na kulala kwa mama yake, asubuhi anakuja kukamua, anauzisha maziwa yote kwa muzungu mwenye shamba, anarudi kule bila kuniangalia. Majirani wanasema nimechagua majani nikaacha bwana. Nikitoa vikapo mutoto atavimba tena, nisipotoa nitabaki peke yangu, na mimi bado ninamupenda. Nifanye nini?

Verdiane

Mama Sidonie anajibu: Verdiane, binti yangu, usitoe kikapo hata kimoja. Mwanamuke aliyetoboa ukuta ili mutoto wake apate jani la kula hana kosa mbele ya Mungu.

Lakini nitakugombeza kidogo. Umeniandikia maneno mengi juu ya lengalenga, na maziwa umeitaja mara moja tu, ikipita kwa mulango kwenda kwa mwingine. Mutoto wa watu wa ng'ombe iko na bwaki, na ng'ombe inakamuliwa mbele yake. Majani ni mazuri, binti yangu, lakini peke yake haiponyeshi ile ugonjwa. Ponda maharagi, umutafutie yai, na maziwa ya asubuhi ianzie kwake. Ulikataa kutoa vikapo, na juu ya maziwa ulinyamaza. Kwa nini?

Tena mama mukwe alikuuliza nani alikufa, na wewe ukamujibu mboga. Muzee hasimami kwa mulango ya mwana wake bure. Ulipaswa kumuuliza, "Mama, uliona nini?"

Kwa sababu mutoto mugonjwa hangoji gazeti, nilimutuma mukatekista Raphaël kwenu na maneno haya mbele ya kuyachapisha. Nilimuomba akae na Nyiramahoro amuulize lile swali. Mama alimujibu, na ameniruhusu niandike jibu lake. Mwaka wa njaa kubwa alirudi kwa baba yake kuwatazama. Aliita, hakuna aliyeitika. Alipoingia, majani yalikuwa yameota mpaka kwenye kitanda ya dada yake mudogo. Alikuwa hajaongea jambo hili na muntu, hata na Straton.

Wewe ulipolisikia, Raphaël anasema, ulishuka mwenyewe mpaka kwake, ukapiga magoti, ukamuambia, "Mama, njoo uone kama tuko wazima." Hapo ulifanya vizuri kuliko ushauri wangu. Alikuja. Alisimama tena kwa mulango, muda murefu, mpaka Emérita akamushika mukono. Sasa anakaa karibu na mafiga, anachuma ile majani na vidole vyake, na amesema kikapo kimoja kiko karibu sana na moto.

Basi, fanya hivi. Mwachie mama kazi ya vikapo. Rudisha mutoto kwa masera amupime, hata kama unaona anacheza, maana bwaki inarudi. Na ukipika jioni, weka sahani ya bwana yako bila kumutumia maneno.

Papa Straton, najua utasomewa hii gazeti. Kesho asubuhi, ukimaliza kukamua, jaza kwanza kikombe ya Emérita na umupe wewe mwenyewe, ndani ya nyumba. Mama yako ameingia. Wewe unangoja nini?