Velo ya Baba na Maji ya Musafiri

Ijumaa, 5 Agosti 1955

Baba hajarudi. Alitoka Jumatatu kwenda tena Lusangwe kufundisha dini, kama alivyofanya wiki mbili kabla, akasema Jumatano atakuwa nyumbani. Leo Ijumaa. Hapa Kabambare sokoni wanasema Lusangwe kuna ndui. Mama aliposikia aligeuka palepale, tukarudi bila chumvi tuliyokwenda kununua.

Nimetoka barabarani mara nne kusikiliza velo, baiskeli yake. Ningeijua kabla ya kuiona — pedali ya kushoto inalia kama kifaranga cha kanga, na hakuna fundi aliyeiweza. Aliiacha padri mmoja mzee aliporudi Ulaya. Nilikuwa na miaka nane, kiti sikukifikia. Nilipitisha mguu chini ya chuma, nikaiendesha nimejipinda upande kama kaa. Wamama wakapiga kelele: mutoto mwanamuke juu ya velo! Mama yangu ndiye alikuwa wa kwanza. Baba akajibu tu kwamba mutoto iko na miguu miwili. Basi. Ikawa ya Baba kwenye karatasi na yangu kwenye magoti, makovu ninayo.

Sasa nina kumi na saba, na bado nikiisikia natoka mbio.

Leo kimya.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimeisikia! Nikakimbia. Si Baba. Ni Asani, mshonaji, jirani yetu. Alikuwa Lusangwe kuuza nguo, akatoka kabla njia haijafungwa. Akaiegemeza velo kwenye mti, akarudi nyuma hatua kumi.

"Musinikaribie mpaka munganga anione. Mama Cécilia, muzee Octave anasalimia. Amebaki kusaidia wagonjwa. Amesema velo irudi kwa Louise."

Mama akauliza: ana homa? Asani akasema kule jua ni kali sana siku hizi. Nani alimuuliza habari za jua? Ni Muislamu wa swala tano, rafiki ya Baba tangu sijazaliwa, hajawahi kutudanganya. Leo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kwa nini Baba airudishe velo kama anategemea kuipanda mwenyewe?

Jumapili, 7 Agosti

Hakuna misa, Padri yuko Kasongo kwenye mafungo mpaka tarehe kumi na tano. Munganga Fidèle alikuja na sanduku lake la dawa za hospitali. Akaosha velo yote kwa dawa inayochoma pua. Mfuko wa Baba wa nyuma akauchoma moto, na kitabu cha mafundisho ndani yake. Niliona kurasa zikijikunja. Nikaogopa kama ni ngozi ya mtu.

Akatazama mikono yetu. Kovu langu la chanjo ni kubwa, limeshika vizuri. La Mama halionekani, akamchanja upya. Halafu: na Baba Octave?

Mama akasema kila walipopita wachanjaji, Baba alikuwa safarini.

Fidèle akafunga sanduku taratibu.

Jumanne, 9 Agosti

Fidèle ametuma neno kutoka Lusangwe: Baba anayo ndui. Uso, mikono, mpaka ndani ya mdomo.

Siwezi kuandika.

Jumatano, 10 Agosti

Nimejaribu kusali tangu asubuhi. Miaka saba kwa masista! Maswali yote ya katekisimu nayajua kwa moyo, nilipewa picha ya Bikira kwa sababu yake. Leo nafungua mdomo — hakuna kitu. Maneno yako mbali, kama nayasikia kutoka nyumba ya pili. Je, nilikuwa naamini, au nilikuwa najibu tu? Hilo linanitisha karibu sawa na ndui. Simwambii mtu.

Mama hakusoma shule. Alikuwa anamenya muhogo, nikamsikia: "Yesu, unamuona Octave. Mimi simuoni." Akaendelea kumenya. Baada ya muda akarudia tena, vilevile.

Alhamisi, 11 Agosti

Fidèle amerudi kutoka Lusangwe, munganga peke yake anaruhusiwa kutoka. Baba alimtajia maneno, yeye akayaandika kwa kreyo. Karatasi yenyewe hairuhusiwi kutoka, kwa hiyo Fidèle aliyaandika upya kwenye karatasi safi. Alitusomea akiwa amesimama nje.

Baba anasema Musafiri anakufa. Yule mvushaji wa mtumbwi kwenye mto Luama! Tumevuka naye mara ngapi. Miaka mitano anafundishwa dini, na kila mwaka anashindwa mtihani wa Padri — maswali hayakai kichwani mwake. Anatoka anacheka, kesho yake anakuja tena kukaa benchi la mbele pamoja na watoto. Sasa anaomba maji ya ubatizo. Baba macho yamevimba yamefunga, mkono hauinuki. Pale kambini kwa wagonjwa hakuna Mkatoliki mwingine, Fidèle ni Mprotestanti. Mwisho: "Padri atachelewa. Hata asiye padri anaweza kubatiza anayekufa. Louise iko na chanjo nzuri. Sisemi uje. Nasema tu vile mambo iko."

Fidèle akasema chanjo yangu inatosha, lakini nikiingia sitoki mpaka ugonjwa uishe kabisa. Wiki sita, pengine zaidi. Akasema pia kovu zuri linakinga sana. Nikamuuliza: sana ni kabisa? Akasema, "Sana ni sana, dada."

Nimemwambia Mama siendi. Nimemwambia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama hakubishana. Nimekaa nyuma ya nyumba, nimejiona mdogo, mchafu. Baba yangu kule hawezi kufungua macho na mimi natazama ngozi yangu!

Nilipoingia ndani nilimkuta Mama amepiga magoti karibu na velo. Anapaka mnyororo mawese kwa kidole, kipande kwa kipande. Yeye, ambaye hakuwahi hata kuigusa! Analia, anapaka. Nikamuuliza, unataka niende? Akasema: "Sitaki. Sitaki hata kidogo. Lakini ukienda, isikuangushe njiani."

Ijumaa, 12 Agosti

Naandika njiani, juu ya jiwe. Nimeondoka kulipopambazuka. Nimeshashuka mara tatu na mara mbili nimegeuza velo kuelekea nyumbani. Vumbi mpaka kifundoni, vijiji vimefunga milango. Kwenye kimoja bibi mmoja aliniita, nani huyo anakwenda Lusangwe? Nikasema mtoto wa katekista. Akafunga dirisha.

Nikipiga pedali hofu inapungua kidogo. Nikisimama inarudi yote. Basi nisisimame.

Jumamosi, 13 Agosti

Niko ndani. Kizuizi kilifunguka, kikafungwa nyuma yangu — fito mbili tu na kamba, na mguu wangu ulikataa kupita. Fidèle, aliyenitangulia, alisubiri. Hakunivuta.

Kambi ni vibanda sita vya majani nje ya kijiji. Harufu sitaiandika. Nilikuwa nasukuma velo, nikapanda hatua chache za mwisho ili nifike kabla sijageuza tena. Kutoka kibanda cha pili sauti: "Louise?" Aliijua pedali. Nilimwona. Kama si sauti ningesema si yeye. Nikasimama mlangoni, na akasema, "Unaogopa. Mimi pia naogopa, mutoto wangu. Nenda kwa Musafiri kwanza."

Na yeye anaogopa! Baba!

Musafiri yuko kibanda cha mwisho. Amebaki macho tu. Fidèle alinipa maji kwenye kikombe cha bati. Nikapiga magoti — na Musafiri akanizuia kwa kidole. Hataki bure. Anataka kuulizwa kwanza, kama Padri anavyofanya. Nikasema haina lazima, Baba Musafiri. Akasema, "Niulize."

Nikamuuliza la kwanza, lile la watoto: Mungu ni nani?

Alifikiri sana. Kifua kikipanda na kushuka. Jibu la kitabu halikuja, niliona analitafuta. Mwisho akasema: "Ule ambaye minamuita."

Akanitazama kuona kama ameshinda. Nikasema ndiyo. Nililia, nikasema ndiyo, ndiyo. Akataka la pili. Hapo kikohozi kikamshika, damu, Fidèle akanitoa nje amsafishe.

Sasa niko hapa, mgongo kwenye velo, kaye hii ya kuandikia juu ya goti. Kikombe kiko kando, maji bado yamo, nimekifunika kwa mkono, nzi ni wengi. Nasema kimoyomoyo, Yesu, unamuona. Ni hilo tu ninalo. Ndani kikohozi kimenyamaza. Fidèle anaita jina langu, harakaharaka — nachukua kikombe.