Réchaud yangu na hesabu ya Merveille

Jumamosi, Kisangani. Mvua imepita, matope imefika mpaka mulangoni, lakini leo roho yangu iko mwepesi.

Wiki hii sikulala vizuri. Nikiwasha réchaud, jiko yangu ya umeme, kukaanga mikate ya kuuzisha, disjoncteur yenye kukata umeme ikizidi inaanguka, na parcelle yote, nyumba zote za kiwanja, inabaki bila courant. Jana Papa Lokwa, mwenye parcelle, alisimama kwa mulango. "Mama Merveille, hii kitu yako inakula courant kama soko yote. Kesho nakata fil yako ya umeme."

Nikasema ndiyo, papa. Lakini mikate njo inalisha nyumba.

Merveille, binti yangu mukubwa, anasoma électricité. Sikuipenda hata siku moja. Mimi nilitaka couture, kushona nguo, juu sindano haimurushi mutu chini.

Leo alileta pince ya kupima courant, mwalimu alimuazima. Akaifunga kwa fil, akasema niwashe. Niliwasha na macho nimefunga.

Volti mia mbili. Ampère kumi.

"Maman, volti inasukuma, ampère njo yenye kupita. Gawanya mia mbili kwa kumi: ishirini. Ile njo résistance, ohm ishirini, namna spirale, ile waya ya kuzunguka yenye kupata moto, inazuia courant. Sasa zidisha mia mbili mara kumi: wati elfu mbili. Ile njo puissance, nguvu yenye réchaud inakula."

Akaangalia spirale. "Nani alikata hii?"

Mimi. Kila ikiungua, nakata kipande yenye imeungua, naunganisha yenye inabaki. Nilikuwa na furaha hata, juu ilikuwa inachemka kupita mwanzo. Kumbe spirale ikiwa mufupi inazuia kidogo, courant inapita mingi. Na disjoncteur inabeba ampère kumi na tano tu, kwa nyumba zote za parcelle.

"Ulitengeneza réchaud ya hoteli, maman."

Tukaenda Makiso, katikati ya muji, kutafuta spirale mpya. Aliipima pale pale dukani: ohm arobaini. Tuliporudi, Papa Lokwa alikuwa anangojea na tenaille ya kukata fil mukononi, na majirani wametoka kuangalia.

Merveille alisema mbele ya wote, réchaud ingali haijawaka: "Mia mbili gawanya kwa arobaini ni tano. Papa, utaona tano. Na wati itakuwa elfu moja, nusu ya zamani."

Na kama ikionyesha saba?

Merveille akaweka spirale mpya, akafunga pince kwa fil, nikawasha. Papa Lokwa akavaa miwani, akainama, akasoma namba ya pince mwenyewe.

Tano.

Disjoncteur haikuanguka. Papa Lokwa akaingiza tenaille mufukoni. "Bon. Lakini sasa mafuta itachelewa kupata moto."

"Itachelewa, papa. Utangojea mikate yako kama wengine."

Watu wakacheka, naye pia. Kweli mafuta ilichelewa sana, na sikujali. Jirani moja akaniuliza kama mutoto anaweza kuangalia fil za nyumba yake. Nikamujibu: "Muulize yeye, mimi sijui kitu." Nilisema vile na kifua mbele.

Donc, couture sitaitaja tena.

Woga haijaisha, hapana. Jumatatu atapanda poteau, nguzo ya umeme, na wenzake kwa mazoezi, na mimi sijui nitaweka mikono wapi. Je, mama anaweza kumuogopea mutoto na kujivuna naye kwa moyo moja? Itabidi nijifunze, juu yeye hatashuka.