Wasia Wako Juu ya Bi Zuhura

Mama,

Shikamoo. Sijui kama salamu zinafika huko uliko, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila hiyo.

Rukia anaolewa. Yule kitinda mimba wako! Na Temeke imebadilika, kila kibaraza sasa ni duka, khanga za kila rangi zinaning'inia hadi barabarani. Nikiziona naumia. Nawakumbuka wewe na Bi Zuhura wa nyumba ya pili mlivyokuwa mkigawana doti moja, wewe kipande, yeye kipande, mkaenda nayo shughulini kama mapacha waliozeeka.

Kisha kikatokea kivimbe, palepale unapofungia khanga kifuani. Mganga akasema ni mkono wa mtu, umetiwa kwenye nguo. Ukatuachia wasia: "Zuhura asikanyage kwangu, hata matangani." Tukautii. Alikuja na sufuria lake la wali, wajomba wakamrudishia mlangoni. Alilia njia nzima, Mama.

Sasa nasomea udaktari. Juzi mwalimu alitufundisha saratani, kalamu ikanishinda. Seli zetu hazikui ovyo. Kichocheo cha ukuaji hupiga hodi, protini iliyokaa mlangoni ikapeleka habari ndani, seli ikajigawa. Zipo protini nyingine za kusema basi, imetosha. Hizo zikiharibika, au ile ya mlangoni ikawa inaitikia "karibu" pasipo mgeni, seli huzaana tu. Nikamuuliza kama nguo ya mtu yaweza kuleta hayo. Akasema hapana. Kwa nini wewe, hakujua, na mimi sijui. Lakini kilianzia ndani yako mwenyewe, mama yangu. Hakuna aliyekufanyia.

Sikulaumu. Uliumwa, ukaogopa, na mganga peke yake ndiye aliyekaa akakueleza kitu.

Rukia anamtaka Bi Zuhura awe kungwi wake, amfunde. Wajomba wanasema wasia wa marehemu hauvunjwi. Mimi ndiye mkubwa, neno limebaki kwangu.

Kesho asubuhi nakwenda kumwomba radhi, kwa niaba yako na yetu. Kama utanigombeza, nigombeze siku tutakapoonana, nitakusikiliza mpaka umalize.

Mungu akulaze pema, Mama. Nakupenda. Na nakuahidi, Bi Zuhura akikubali, yeye ndiye atakayemshika Rukia mkono kumtoa nje siku ya harusi, mahali pako.

Mwanao,
Mwanaidi