Mwizi wa Bunduki Sebuleni Kwangu

Mwenzangu, nimejifungia chumbani. Majirani wamejaa sebuleni na marungu, sina uso wa kutoka.

Ni ule mchezo wa mazombi ninaocheza na mjukuu wangu kwenye televisheni. Leo kanionya: "Bibi, tukifa tena hapa, kesho nacheza na wenzangu." Na jioni zile za kucheza naye ndizo raha yangu!

Basi mle mchezoni tumebanwa kwenye stoo, mlango mmoja tu, na nani anaingia? Yule zombi mwizi! Huyo hang'ati. Anakupokonya bunduki mkononi ili wenzake wakumalize. Ya mjukuu ikaenda.

Nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Kwa hofu nikabonyeza kitufe kisicho chenyewe, bunduki yangu ikaanguka chini.

"Bibi! Umetuua!"

Wapi! Zombi akaniona mikono mitupu, akanipita kama kiti. Mwenzangu, akanipita! Kumbe anaona cha mkononi tu. Nikasubiri, unanijua kwa kusubiri. Alipogeuza mgongo nikaiokota, nikammiminia risasi zote. Akaanguka, na bunduki ya mjukuu ikadondoka.

"Bibi, wewe ni moto! Kesho tuanze mapema, eh?"

Ndipo mlango wa kweli ukasukumwa. Jirani yangu fundi cherehani, rungu juu: "Mwizi yuko wapi?"

Mjukuu hata hakugeuka. "Bibi ameshamuua."

Sasa wanagonga huku chumbani. Wanauliza maiti nimeificha wapi.