Mama Yako Hakutupwa

Msusi wewe, ulipotelea wapi? Uliniandikia ukilia kwamba umepekua madaftari ya parokia mpaka macho yamevimba na ukoo wa mama yako huuoni, nikakujibu, halafu kimya! Wasomaji wa safu hii wananiuliza, "Bibi, yule msusi alipata?" Haya, barua yako nimesomewa. Nanyi wengine sikieni.

"Mpendwa Bibi, naomba msaada wako tena, ila safari hii kwa furaha, maana nilifanya ulivyosema, nikaacha kutafuta jina la mama kwa sababu alipewa na seremala aliyemlea, nikamtafuta mama yake wa ubatizo, yule mkunga aliyemnunulia viatu vya kwanza kisha akahama, na katibu wa parokia alishanichoka, akasema, 'Dada, hamia hapa kabisa, tukupe na mto,' lakini nikapitisha kidole kwenye safu ya wasimamizi tu, ukurasa baada ya ukurasa, nikamwona mkunga, Bibi, amemsimamia binti mdogo, na pembeni padri ameandika kwamba baba alitangulia, mama amefariki akijifungua, mtoto amechukuliwa na seremala, na mstari wa chini yake kuna kichanga aliyebatizwa siku hiyohiyo, mama huyohuyo, mkunga huyohuyo, pembeni wameongeza parokia alikofungia ndoa ukubwani, nikapanda basi hadi huko, nikamkuta huyo mdogo wake mama yu hai, anashona sare za shule, na anacheka kama mama, hata kuziba mdomo kwa kiganja ni vilevile! Sasa anataka kuja mara moja, ila mama miaka yote anasema, 'Walionitupa sitaki kuwajua,' na kaka ananikaripia eti nitamuua kwa mshtuko, nifanye nini?"

Mjukuu wangu, nimepiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Sasa nikugombeze. Umemwambia mama mdogo, umemwambia kaka, umetuambia sisi sote, mwenye habari yake hajui! Unangoja nini?

Kusoma sijui, lakini hapo nimesikia vizuri. Marehemu anamtupaje mtu? Mwanamke yule alikufa akileta mtoto duniani, na mkunga akawapeleka wote wawili kanisani, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, namwona kabisa. Huko ndiko kutupwa?

Kaka yako mwambie hivi: mama yenu amelelewa akiitwa wa kuokotwa, na hakufa. Kusikia kwamba alipendwa ndiko kutakakomuua? Ila nisimwonee, anaogopa kwa kuwa anampenda. Mpe kazi, akamlete mama mdogo.

Wewe leo funga saluni mapema. Simu usiiguse. Mkute mama ameshakula, ametulia. Usianze na mdogo wake, anza na mama yake: "Mama, hukutupwa. Mama yako alifariki." Kisha funga mdomo. Akilia, usithubutu kumwambia anyamaze. Anamlilia mamaye, na uzee wote huu hajawahi kupata nafasi hiyo. Akishajifuta kamasi, ndipo umwambie kuna mtu anacheka kama yeye.

Na safari ijayo barua sitaki. Njooni kwangu, wewe, huyo kaka mwoga, na hao wasichana wawili. Waketishe mbele yangu bega kwa bega, nami nitasema upuuzi wangu mmoja, nione viganja viwili vikiziba midomo kwa pamoja.