Mistari Iliyobaki Kwenye Kioo

Jumatatu, 7 Juni 1999

Sura ya milinganyo imekwisha. Fomula kumi na saba, zote zimekaa. Chai imepoa pembeni ya kibodi, sikuinywa. Umeme ulikatika mara mbili, mara zote nilikuwa nimeshaiweka kazi kwenye diski.

Niandike hapa nisije nikasahau nilivyofanya. Kurasa za hisabati za kituo chetu cha masomo zinaendeshwa na kifurushi cha skripti, wenyewe wanakiita maktaba. Naandika fomula kwa herufi za kawaida, maktaba inaisoma na kuichora kwenye ukurasa kama ilivyo kitabuni. Ila haijui kitu mpaka uiambie. Iko faili moja ya mipangilio. Humo unaamua ukubwa wa herufi, fomula ikae ndani ya sentensi au peke yake, na ichorwe kwa njia gani. Mimi nimechagua picha. Kila fomula picha yake ndogo. Zinachelewa kufunguka, lakini zikifunguka hazina kosa. Wiki tano za saa zangu za chakula cha mchana.

Fuad amepita nyuma yangu mara tatu leo. Mpwa wa Bi. Rukia, mwenye kituo. Alirudi kutoka ng'ambo mwezi wa Machi, anasomesha hisabati darasa la alasiri, mimi la asubuhi. Ana peja ya kupokelea ujumbe kiunoni, sijapata kuisikia ikilia. Simpendi.

Jumatano, 9 Juni

Amebadilisha. Bila kuniuliza.

Nimefungua kompyuta asubuhi, mipangilio yangu haipo. Palipokuwa na neno "picha" ameandika "jedwali". Sasa kila fomula inajengwa kwa vijisanduku vya jedwali, herufi huku, tarakimu kule. Na kila mstari, uwe wa sehemu au ule wa juu ya kipeuo, ni kijisanduku chembamba kilichopakwa rangi nyeusi kwa nyuma. Picha zangu amezifuta zote. Ati zinajaza nafasi.

Nilimfuata hadi chumba cha walimu. Akaniambia, "Dada Dama, dunia haingoji picha zako zifunguke." Mbele ya watu. Wakacheka. Nilirudi darasani, nikawapa wanafunzi zoezi ambalo hata sikulisahihisha.

Ukweli nitausema hapa tu. Kurasa zake zinafunguka upesi, na kwenye kioo cha kompyuta zinapendeza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alhamisi, 10 Juni

Bi. Rukia ameniita. Adabu zote, ameniulizia mpaka hali ya mama yangu Kaloleni. Kisha akasema mipangilio ya Fuad ibaki, na ufunguo wa chumba cha kompyuta akae nao Fuad. Nimesema ndiyo, Bi. Nikatoka.

Namchukia yule kijana. Sina neno jingine.

Jumatatu, 14 Juni

Mwanaisha amebaki nyuma baada ya darasa. Msichana wa Kuze, yatima, analelewa na ami yake, Mzee Athmani, fundi saa. Anarudia kidato cha nne ili apate nafasi ya kusomea ualimu. Alinieleza macho yako chini. Ami amesema akipata chini ya C katika hisabati kwenye mtihani wa majaribio wa mwisho wa mwezi, basi. Masomo yamekwisha, akae nyumbani. Mzee amechoka kungoja.

Nimemwambia atapita. Sikumwambia kumfariji. Hana akili nyepesi, lakini akishika kitu amekishika. Anahifadhi kila anachopewa.

Fuad amebandika tangazo mlangoni: kurasa mpya, za kisasa. Hata jina langu halimo.

Alhamisi, 17 Juni

Nimeupata ufunguo kwa saa moja. Fuad alikwenda Shimanzi kwenye maghala kuchukua makatoni ya karatasi. Nilitaka kuchapisha ukurasa wa milinganyo niusome nyumbani Tudor, nimtafutie makosa. Printa ikaguna, ikatoa. Nikatazama. Nikatazama tena.

Mistari haipo.

Herufi ziko, tarakimu ziko, alama ya kipeuo iko. Lakini mstari wake wa juu, ule unaofunika b mraba toa 4ac, haupo. Mstari wa sehemu haupo. Karatasi inamwambia msomaji atafute kipeuo cha b mraba peke yake, kisha atoe 4ac nje. Na 2a, inayopaswa kugawanya vyote vilivyo juu, imeachwa chini kama nambari ya ukurasa. Sababu niliielewa palepale. Programu ya kusomea kurasa haichapishi rangi za nyuma, inaokoa wino. Na mistari ya Fuad si mistari. Ni rangi ya nyuma. Kwenye kioo ipo, kwenye karatasi haipo.

Roho ilinifurahi vibaya. Nilicheka peke yangu mle ndani. Siku ya wazazi Bi. Rukia atazichapisha hizi awagawie wageni, na mpwa wake ataumbuka mbele ya kadamnasi. Nikaichana ile karatasi vipande vipande. Sisemi kitu. Mwache.

Ijumaa, 18 Juni

Fuad ameniuliza kama nimeona kasoro yoyote kwenye kurasa. Aliuliza kwa upole, lazima niseme.

Nikamjibu, "Sijaona."

Jumanne, 22 Juni

Kompyuta mbili, wanafunzi hamsini na wanne. Ningefikiri kidogo tu, ningejua.

Mmoja wao amechapisha sura nzima akaipeleka duka la fotokopi, hapa chini Makadara. Leo darasa zima lina karatasi. Ndivyo tulivyo hapa, kitu kikipatikana kimoja, hakifiki alasiri kabla hakijawa cha mtaa mzima. Hakuna anayekaa tena mbele ya kioo. Mwanaisha amezitia zake kwenye jalada la nailoni zisichafuke.

Nilifungua kinywa niseme. Kisha nikajipa sababu. Fomula ya b mraba toa 4ac niliwaandikia ubaoni mwezi wa Februari, mistari na kila kitu. Wanaijua. Mtu hawezi kuikosea kwa karatasi moja. Na nikisema leo, Fuad atauliza nimejuaje, na tangu lini.

Nimesomesha jometria. Sijawahi kusomesha vibaya namna ile.

Jumamosi, 26 Juni

Maulidi. Mji wa Kale haupitiki kwa watu. Nilikwenda kununua haluwa ya mama, nikamwona Mwanaisha kwa mbali, amekaa kibarazani kwao na jalada lake mapajani. Watu wote wametazama njiani, yeye ametazama karatasi, midomo inacheza.

Nikavuka upande wa pili. Haluwa sikununua.

Jumanne, 29 Juni

Mtihani umefanywa. Swali la sita ni la fomula ileile, na la kumi na moja linalitegemea. Nilisimamia mimi. Nilipita kati ya madawati nikitazama viatu vya watu, nisione wanachoandika.

Fuad alikuwa dirishani akipiga mluzi. Nilitamani kumpiga na kiti. Kisha nikajiuliza kwa kosa gani hasa.

Alhamisi, 1 Julai

Nimesahihisha karatasi ishirini na saba za darasa langu. Kumi na tisa wana kosa moja. Kipeuo cha b mraba, peke yake, 4ac nje. Hakuna aliyegawanya kwa 2a. Kumi na tisa, utadhani waliandika kwa mkono mmoja.

Mgeni angewaita wajinga. Mimi siwezi. Wanafunzi hawa wamelelewa kuhifadhi. Tangu wakiwa wadogo chuoni, wakisoma Kurani, kilichoandikwa kinashikwa kama kilivyoandikwa, nukta isipungue, nukta isizidi. Kila mwaka nawasifu kwa hilo. Nikiwapa kitu sahihi wanakirudisha sahihi mpaka mwisho. Wamepewa kibovu, wamekirudisha vilevile, kwa uaminifu wote.

Mwanaisha amepungukiwa na alama nne kuifikia C. Swali la sita lilikuwa na nane. Nimejumlisha mara tatu. Kuna dakika nilishika kalamu ya bluu nimwongezee. Nikaiweka. Uongo mmoja unanitosha.

Ijumaa, 2 Julai

Bi. Rukia ameshika mtihani mkono mmoja na fotokopi mkono wa pili. Ametuita wote. Amemwumbua Fuad mbele ya walimu, kwa sauti ileile ndogo, hajaipandisha hata kidogo. Kwamba amewapoteza watoto wa watu kwa kupenda kwake sifa. Fuad hakujitetea. Alisema tu, "Mama mdogo, wallahi sikujua." Akavua ufunguo kwenye mnyororo wake, nikapewa mimi.

Nilikuwa nikiingoja siku hii. Niliifurahia mpaka kwenye ngazi.

Kwenye ngazi alikuwapo Mwanaisha, amekuja kurudisha vitabu vya kituo. Nimemwuliza kwa nini hakuandika kama nilivyomfundisha ubaoni. Akasema, "Nalikumbuka ulitutilia mstari, mwalimu. Lakini nikaona cha kompyuta ndicho kipya, nikasema huenda kile cha zamani kimebadilishwa." Kisha akaniomba radhi. Kwa kuniangusha. Yeye, aniombe radhi mimi.

Nilimwambia haidhuru. Ni neno la ovyo kuliko yote niliyopata kuyasema.

Jumatatu, 5 Julai

Nimeingia chumba cha kompyuta na ufunguo wangu. Nikafungua faili ya mipangilio. Sikurudisha njia yangu ya picha, njia ya Fuad inafunguka upesi, ibaki. Nimebadilisha kitu kimoja: mstari usiwe rangi ya nyuma, uwe kijipicha cheusi kinachonyoshwa. Neno moja. Nikachapisha. Mistari yote ikatoka, wa kipeuo na wa sehemu.

Imechukua dakika moja. Ingechukua dakika hiyohiyo tarehe kumi na saba.

Nikaenda kwa Bi. Rukia nikamwambia. Yote, pamoja na karatasi niliyoichana na jibu nililompa Fuad. Fuad mwenyewe alikuwa amekaa pale, nilitaka asikie. Bi. Rukia alivua miwani yake akaipangusa. Akasema, "Nimemvua mwanangu nguo mbele za watu kwa jambo ambalo weye ulilijua." Kisha akasema darasa zima litafanya upya mtihani, na kwa Mzee Athmani niende mwenyewe, yeye hatanisemea.

Fuad hakunitukana. Ningependa angenitukana. Bado simpendi, hilo halijabadilika.

Alhamisi, 8 Julai

Nimekwenda Kuze baada ya alasiri. Mzee Athmani anafanya kazi chumba cha mbele, meza imejaa saa zilizofunguliwa. Masalkheri, mwalimu, akanikaribisha, kaa kitako. Hakuniuliza nimefuata nini mpaka kahawa ikaletwa. Mwanaisha ndiye aliyeileta. Akaweka kikombe, akasimama karibu na mlango.

Nikaeleza. Mzee akataka kuiona karatasi yenyewe. Mwanaisha akaleta jalada lake. Mzee akaiweka karatasi juu ya meza katikati ya saa, akanipa kalamu, akasema nimwonyeshe kilichokosekana. Nikachora mstari mmoja juu, mmoja katikati.

"Ni hivi viwili tu?"

"Ni hivi viwili."

Aliitazama kwa ile lenzi yake ya kazi, kana kwamba mistari ilikuwa midogo. Kisha akaniuliza kama yule kijana mwingine naye alijua. Nikasema hakujua. Akauliza kama mimi nilijua kabla ya mtihani. Nikasema nilijua siku kumi na mbili kabla.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema Mwanaisha atarudi Jumatatu afanye mtihani wake. Na akipita au asipite, atamaliza mwaka. "Lakini atasomeshwa na yule kijana, darasa la alasiri. Yule alikosea. Weye hukukosea." Akanisukumia kahawa karibu, nisiondoke bila kuimaliza. Nikaimaliza. Mwanaisha hakuinua macho hata nilipoaga.

Nimerudi Tudor kwa miguu. Nimekaa nikaandika nusu ukurasa juu ya Mwanaisha: anachokijua, anachokikosea, kwamba akielezwa mara mbili hasahau, na kwamba haulizi mpaka aulizwe. Kesho asubuhi nitampa Fuad.